Kitabu Kilichoanzwa Pande Mbili

Jambo la kwanza nililoliona kwa Bi Ursula Thirkettle ni kwamba aliisoma pai kabla ya kuila.

Nilikuwa na siku mbili tu mjini Aylsham. Nilikuwa nimetoka Cambridge na shahada yangu mpya na sanduku moja la vitabu, nije kuwa mwalimu msaidizi katika shule ya mji, nikapangiwa chumba cha juu katika nyumba ya mjane huyu wa mshona glavu. Mchana ule tuliandaliwa pai ya mkunga, yule samaki wa mtoni aliye mrefu kama nyoka. Bi Ursula alikata kipande chake, akakipindua sahanini, akabandua karatasi ya mafuta iliyogandia chini, akaielekeza dirishani na kuisoma mstari kwa mstari. Pai ikawa inapoa. Hakuna aliyeshangaa ila mimi.

"Leo kuna nini, bibi?" aliuliza Pleasance. Huyu alikuwa mtumishi wake wa miaka mingi, mwanamke mnene wa makamo aliyekula nasi meza moja na kuzungumza kutushinda sote. "Barua ya wakili tena?"

"Mahubiri."

"Ya nani?"

"Hayana jina. Ila yameiva kuliko mkunga wako."

"Mkunga wangu kaiva! Mwalimu Garneys, sema kweli mbele ya Mungu. Kaiva, hakuiva?"

Nilisema kaiva. Bi Ursula aliikunja ile karatasi, akaiweka pembeni, akaanza kula kama mtu aliyekwisha kutimiza wajibu. Nilidhani ni kichekesho cha nyumba hii. Karatasi ni adimu, na iliyokwisha kuandikwa haitupwi. Huwekwa chini ya unga ili pai isishike sahani. Mtu mwenye macho na herufi akiamua kusoma anachokula, nani wa kumlaumu?

Mji ule ulinipokea vizuri kwa sababu ya daftari langu. Mgeni akitoka chuoni, watu humuuliza kwanza daftari lake lina nini. Kila ajuaye kuandika analo lake. Ndani yake hutia sala, dawa ya kikohozi, maneno ya hekima yaliyopangwa chini ya vichwa kama Kifo, Urafiki na Subira, na zaidi ya yote hutia mashairi, ambayo watu huazimana na kunakiliana nyumba kwa nyumba. Kabla ya wiki mbili kwisha, langu lilikuwa limelala kwa daktari wa mji, kwa mke wa kasisi na kwa binti wa mwenye kinu, na kila mmoja alilirudisha pamoja na lake ili nami nichote. Daftari la Bi Ursula peke yake halikutoka rafuni. Lilikuwa nene, lenye jalada la ngozi ya ndama iliyogeuka rangi ya siagi. Mke wa kasisi alinionya, "Usimwombe. Mama yangu alimwomba, akapewa kikombe cha maziwa akaonyeshwa mlango."

Sikumwomba. Mwezi wa Novemba nilishikwa na kikohozi, naye akalishusha daftari mwenyewe kutafuta dawa. Alifunua upande wa mbele, kurasa zikapita moja moja: asali na hisopo, namna ya kutoa doa la wino kwenye kitani, maneno juu ya Subira. Karibu na katikati mkono wake ulisimama. Kutoka hapo hadi jalada la nyuma hapakuwa na kurasa. Palikuwa na vishina tu, vipande vyembamba vya karatasi vilivyobaki kwenye uti wa kitabu baada ya kurasa kukatwa. Vyote vilikuwa vimeshonwa pamoja na jalada, kwa uzi mnene uliotiwa nta, mishono midogo iliyolingana, kama ya glavu ya kwenda kwenye baridi kali.

"Nani alikishona hivi?" niliuliza.

"Mimi."

"Na nani alizikata?"

"Kunywa asali yako, mwanangu," alisema, akafunga kitabu.

Niliipata habari kipande kipande majira yale ya baridi, mchana, nikiwa nimetoka shule na yeye kakaa dirishani akishona. Bado alikuwa akishona vidole vya glavu kwa ajili ya duka ambalo sasa ni la mpwa wa marehemu mumewe. Vidole ndiyo kazi ngumu, na alisema hakuna kijana mwenye subira nayo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitunga uzi kwa kuupapasa.

Walikuwa wawili, yeye na mdogo wake Lettice. Baba yao, karani wa mahakama ya bwana mmoja mwenye mashamba, aliwafundisha kuandika, na alipokufa aliwaachia daftari moja tupu. Wasichana wawili, daftari moja. Basi wakafanya kama wengi wafanyavyo: Ursula akaanza mbele, Lettice akakipindua kitabu juu chini na kuanza nyuma. Ursula alinakili dawa na hekima. Lettice hakuwa mtu wa kunakili. Alitunga.

"Alitunga juu ya kila kitu," Bi Ursula aliniambia. "Paka. Mvua. Pua ya mwinjilisti. Nilimwambia, Lettice, karatasi itakwisha, unaijaza upuuzi. Akaniambia, dada, dawa zako zote ni asali tu, andika asali mara moja inatosha. Tukawa tunakimbizana kuelekea katikati. Kila mmoja anahesabu kurasa zilizobaki, anamchungulia mwenzake. Tuligombana kwa ukurasa mmoja kama watu wanaogombea mpaka wa shamba."

Hapo alicheka. Nilimwona akicheka hivyo mara chache sana.

Mwaka alioposwa na Thirkettle alikuwa na miaka ishirini na minne. Thirkettle alikuwa mtu mkimya, mwenye mabega mapana, ambaye kila Jumapili alikuja kuposa na kuzungumza habari za ngozi ya mbuzi. Lettice alimtungia shairi la kumtania. Msichana akimtania shemeji si habari. Lakini Lettice alikuwa na desturi ya kuazimisha kitabu, na walioazima walinakili, na nakala zao zikanakiliwa. Wiki tatu kabla ya harusi, Bi Ursula alikwenda sokoni kununua zabibu kavu, akamsikia muuza jibini akiimba:

*Ingia bwana wa ngozi, usingoje mlangoni,*
*Hodi nyingine hakuna, kwa huyu hapa nyumbani.*

Watu walikuwa wamemzunguka wakicheka. Muuza jibini alimwona, akaacha kuimba, na kule kuacha kukawa kubaya kuliko wimbo.

"Maana ilikuwa kweli," Bi Ursula alisema, akivuta uzi. "Hakuna mwingine aliyekuwa amebisha hodi. Nilikuwa najua, naye Lettice alikuwa anajua, na usiku mmoja nililia begani kwake kwa sababu hiyo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anajua kwamba hilo linaniuma."

Hakumuuliza mdogo wake neno. Alirudi nyumbani, akakishusha kitabu, akakipindua, akaona kichwa cha maneno *Kwa Bwana T., Mwenye Ngozi*. Hakusoma zaidi. Alichukua mkasi wa kazi na kukata nusu yote ya Lettice, kurasa arobaini na moja. Kisha akazificha hadi siku ya kuoka. Pai za harusi yake, za kondoo na za peasi, zote ziliokwa juu ya mashairi ya mdogo wake.

"Niliketi meza kuu," aliniambia. "Namwangalia. Akala nusu, akaona weusi wa wino umeingia kwenye unga. Akapindua. Akasoma. Akawatazama wageni wote wanaotafuna. Halafu akanitazama mimi, akasema kwa sauti, watu wote wasikie, 'Pai tamu, dada.' Akaimaliza, Mwalimu. Hakuacha hata kombo."

Siku ya tatu Lettice aliondoka kwenda kutumika katika nyumba moja Norwich. Hawakuandikiana. "Nilingoja aanze yeye. Si alikuwa mdogo? Na yeye aliyenikosea?" Kiangazi cha pili ikaja homa. Barua ya kifo chake iliandikwa na mwenye nyumba, mistari minne, naye alikosea jina la Lettice.

Nilielewa basi kwa nini Bi Ursula alisoma chini ya kila pai. Nilimwambia kwa upole kwamba kurasa zile ziliisha siku ile ile, kwa mafuta na kwa mbwa.

"Nilikuwepo," alisema. "Unadhani sijui?"

Na Thirkettle? Nilipouliza habari zake, Pleasance alidakia kutoka jikoni. "Bwana, Mungu amrehemu, aliupenda ule wimbo! Alikuwa anaupiga mluzi akinyoosha ngozi. Bibi anamfokea, yeye anasema, Ursula, mbona wimbo wenyewe una sauti nzuri tu."

"Alikuwa mtu mwema," alisema Bi Ursula. "Ningemchagua yeye hata kama wangebisha hodi kumi."

Mwezi wa Februari, Jumamosi moja yenye mwanga mkali wa theluji, alikishusha kitabu bila kuambiwa, akakiweka mbele yangu, akachomoa mkasi kiunoni.

"Mwaka ujao sitaona kitu," alisema. "Nataka nivione vishina hivyo mara moja. Wewe soma, una macho ya chuo."

Alikata mishono yake mwenyewe, mmoja mmoja. Pleasance aliacha unga akaja kusimama nyuma yetu, mikono myeupe hadi viwiko. Nilikipindua kitabu juu chini, kama Lettice alivyokishika.

Kishina cha karatasi kina pande mbili. Upande mmoja palibaki mianzo ya mistari, neno moja au nusu neno. Upande wa pili ilibaki miisho, yaani vina. Nilianza kumsomea: *Paka… Huyo… Amela…* na yeye akaitikia, "Ni lile la paka, lile alilolitunga paka alipoanguka kwenye pipa la bia!" Tulikwenda hivyo kishina kwa kishina. Pengine alikumbuka mstari mzima; mara nyingi hakukumbuka kitu, akatikisa kichwa tu. Kisha tukafika kwenye shairi la Bwana T.

Lazima nieleze nilichokifanya, kwa kuwa ninakijutia. Nilihesabu. Chuoni tulifundishwa kulinganisha nakala, na mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wimbo wa sokoni una beti tano. Mji mzima bado unaujua. Vishina vilikuwa na beti tatu, kisha Lettice alichora ule mstari mdogo wenye mkunjo aliouchora kila alipomaliza shairi, kisha likaanza shairi jingine. Nilitafuta *mlangoni* na *nyumbani* miongoni mwa vina. Havikuwemo. Nilitafuta tena. Vina vyote vilikuwa vya ngozi na mbuzi na mikono.

"Bi Ursula!" Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Wimbo una beti tatu tu!"

"Tano."

"Tatu. Hapa, hesabu kwa kidole. Zile mbili za mwisho, za hodi, hazikuandikwa na mdogo wako. Kuna mtu alizitia wakati wa kunakili. Sisi sote chuoni tunafanya hivyo, hakuna anayenakili shairi bila kulitia mkono wake. Hata mimi niliwahi kumwongezea rafiki yangu ubeti kwenye shairi la msiba wa baba yake. Lettice hakukutukana, Bi Ursula. Hakusema neno!"

Nilitegemea angefurahi. Alibaki na kidole juu ya ule mstari wenye mkunjo. Nje watoto walikuwa wakirushiana theluji.

"Basi sikuwa na sababu," alisema.

Pleasance alinipiga kibao cha unga begani. "Ona sasa, wewe na hesabu zako! Mwanamke alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kujitetea, umekuja kumnyang'anya!"

"Mwache," Bi Ursula alisema. "Ameuona ukweli, angeufichaje? Soma kinachofuata, Mwalimu."

Kilichofuata kilikuwa cha mwisho, kwenye kurasa zile za katikati walizokuwa wakizigombea. Juu palikuwa na mwanzo wa kichwa: *Kwa Dada U., Siku ya…* Na chini yake, mistari kumi na miwili, kila mmoja umebaki na neno la kwanza tu. Dada. Ukienda. Kitanda. Nani. Nusu. Niliyasoma yote, akanisomesha tena, na tena. Upande wa pili hapakuwa na wino.

"Alinitungia la harusi," alisema Bi Ursula. "Lilikuwa ndani ya kitabu wakati nakata. Limekaa pale, limeniangalia." Aliweka kiganja juu ya kishina kama anayepima joto la mtoto. "*Nusu.* Nusu ya nini, Mwalimu? Nusu ya kitabu? Nusu ya kitanda? Tulilala kitanda kimoja miaka ishirini."

Nilirudi kishina kwa kishina hadi alipoanzia, nisiione hiyo nusu. Lakini ndani ya jalada la nyuma, lililofichwa na mishono kwa miaka arobaini, Lettice alikuwa ameweka orodha ya walioazima kitabu, kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Majina yalikuwa matatu. Wawili wa kwanza Bi Ursula aliwajua, na wote wamelala uani kwa kanisa. Wa tatu alikuwa *G. Allard*, na mbele ya jina lake: *kimerudi, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, pamoja na shukrani*.

"Gervase Allard," alisema taratibu. "Mtoto wa mwalimu mkuu wa wakati ule. Alikuwa Cambridge. Alikuja likizo, akamwimbia Lettice dirishani na kuangukia kwenye nyavu za njegere."

Jina hilo nililijua. Katika chuo changu kulikuwa na mtu aliyetoka parokia ya Kasisi Allard, huko kwenye mabwawa ya Lincolnshire, na alikuwa akimsema kama mzee mwema anayewasomea mashairi wagonjwa. Jioni ile ile tulimwandikia. Bi Ursula alisema, mimi nikaandika.

"Mwambie namuuliza kama alinakili kitabu cha Lettice Gooch, na kama nakala ipo."

"Mwambie na lile la beti mbili," alisema Pleasance. "Mwambie yeye ni mwizi na mwongo na alivunja njegere."

"Muulize tu, bila kumtukana. Nikimtukana hatajibu, na mimi nataka ajibu."

Wiki sita zilipita. Katika wiki hizo alinipa chakula, alinishonea soksi, na hakunilaumu hata mara moja. Ningependelea anilaumu. Nilikuwa nikiamka na kukumbuka furaha yangu ile mbele ya kishina, na sura ya rafiki yangu akinishukuru kwa ubeti ambao baba yake marehemu asingeutambua.

Jibu lilikuja baada ya Pasaka. Niliwasomea mezani. Kasisi Allard aliandika hivi, kwa herufi kubwa zinazotetemeka:

"Bi Thirkettle mpendwa. Nilinakili upande wote wa Lettice, kuanzia paka hadi pale alipokuwa amefikia. Beti mbili za hodi ni zangu. Nilizitunga katika kilabu mbele ya wenzangu, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani kuchekesha ni kipaji. Usiku mmoja Lettice alikuwa ameniambia, kwa kukuhurumia, lile lililokuwa linakuuma, nami nikalifanya kichekesho. Nilisikia baadaye kwamba ninyi dada mmekosana. Sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa ninajua. Alipokufa nilitaka kuandika, nikaahirisha, na jambo likiahirishwa mwaka mmoja huwa rahisi kuahirishwa tena. Kitabu chenye nakala hiyo ninakileta kwa mchukuzi wa mizigo wa mji wa Lynn. Usinirudishie. Ni chako tangu mwanzo."

Pleasance alifungua kinywa, akakifunga. Haijawahi kutokea.

"Basi Lettice alimwambia," alisema Bi Ursula. "Alinihurumia mbele ya kijana mpumbavu. Hilo ndilo kosa lake lote."

"Utamjibu nini kasisi?" niliuliza.

"Nitamshukuru."

"Bibi!" alisema Pleasance. "Baada ya alichokufanya?"

"Yeye alitia beti mbili. Mimi nilitia mkasi." Alinyoosha mkono nimpe barua, akaisogeza karibu na macho ingawa asingeweza kuisoma. "Hebu rudia pale, Mwalimu. *Hadi pale alipokuwa amefikia.* Alikirudisha kitabu siku ya Mtakatifu Mikaeli?"

"Ndivyo orodha isemavyo. Mwisho wa Septemba."

"Na mimi niliolewa tarehe kumi na moja Novemba."

Sote watatu tulihesabu kwa vidole. Kama Lettice alilitunga lile la harusi mapema, katika kiangazi, basi Allard analo. Kama alilitunga Oktoba, harusi ikiwa imekaribia, kama mimi na wewe tungefanya, basi hayupo mtu aliyelinakili, na yamebaki yale maneno kumi na mawili tu. Barua haikusema.

"Alikuwa mvivu au mwenye haraka?" niliuliza.

"Lettice? Akitaka kitu hakingoji. Lakini alipenda kushtukiza watu dakika ya mwisho." Alitabasamu bila furaha. "Siwezi kukuambia. Ni dada yangu, na siwezi kukuambia."

Tangu siku hiyo hakuna kazi nyingine iliyofanyika katika nyumba hii. Alimwita mshona vitabu kutoka Norwich, akampa karatasi nyeupe arobaini na moja zigandishwe kwenye vishina, kila jani mahali pake. Mimi ndiye nitakayenakili. Nimeapishwa mbele ya Pleasance kwamba sitaongeza herufi wala kurekebisha kina, hata kama kimepinda, nami nimeapa kwa moyo wote. Jani la mwisho, la maneno kumi na mawili, Bi Ursula amesema lisiguswe mpaka tujue. Amechonga kalamu nne za manyoya ya bata bukini kwa kupapasa. Mbili zinafaa.

Mchukuzi wa Lynn, Bwana Pask, huja Jumamosi adhuhuri, uani kwa nyumba ya wageni ya Nyota. Jumamosi iliyopita hakuja. Mvua imejaza njia zote za mabwawani, na mtu aliyepita alisema magari ya farasi yamekwama Wisbech yakingoja maji yashuke. Wiki nzima Bi Ursula ameuliza kila asubuhi upepo unatoka wapi.

Leo tumefika tangu saa nne. Tumekaa kwenye benchi kando ya lango, yeye katikati, amevaa kofia yake ya kanisani na glavu alizoshonewa na mumewe. Pleasance ameleta jibini na hakuna aliyeila. Mara mbili ameniuliza kama ninaona kitu, na mara mbili nimesema hapana.

"Umeangalia vizuri?"

"Vizuri, Bi Ursula."

"Angalia upande wa kinu. Pask hupitia kinuni kunywesha farasi."

"Akikosa kuja leo," alisema Pleasance, "nitakwenda Wisbech kwa miguu nimvute yeye na farasi wake kwa masikio."

"Nyamaza kidogo. Nasikiliza."

Saa ya kanisa imepiga saa sita, kisha robo. Gari la kwanza lililopinda kona lilikuwa la muuza nyasi. Mwenye Nyota ametoka mlangoni, anasema mpanda farasi mmoja amempita Pask asubuhi hii upande huu wa Lynn, gari limejaa tope hadi juu ya magurudumu, lakini linakuja. Bi Ursula amesimama. Nimemwambia akae, bado ni mbali, na hataki kukaa. Ameshika mkono wangu, na kichwa amekielekeza upande wa barabara ya kinuni, kule mti wa kwanza unapoificha kona.